Ugoro chini ya mdomo: udhu, saumu na hukumu yake

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa Matondoni, Lamu. Usiku baharini hutia ugoro chini ya mdomo nisisinzie. Hata Ramadhani mchana hutia kidogo, mate nayatema. Hauna moshi, simuudhi mtu. Je, ni haramu? Na udhu na saumu zangu zasihi?

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Udhu wako haukutenguka. Tumbaku si najisi. Ila ukimeza maji yake ndani ya swala, swala imebatilika, basi sukutua kabla hujahirimia, yaani kabla hujaanza swala.

Kwenye saumu ndiko kuna uzito. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kitu chochote chenye mwili kikiingia ndani kwa kusudi kupitia tundu lililo wazi, kimefunguza. Mate yaliyochanganyika na ugoro ni hivyo hivyo, na sidhani yupo atiaye akayatema yote. Anusaye naye asijidanganye: Mtume (s.a.w.) alimwamrisha sahaba wake Laqit bin Sabira apandishe maji puani barabara atawadhapo, isipokuwa akiwa amefunga, kwani pua nayo ni tundu lililo wazi. Basi zilipe siku hizo, na kama hujui idadi, kadiria mpaka uwe na yakini. Kutojua ni udhuru wa aliyekulia mbali na wanavyuoni, nawe uko kisiwa kimoja na Riyadha, msikiti na chuo cha dini!

Ama uharamu, tumbaku ilitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492, kwa hiyo maimamu wanne wa madhehebu, waliotangulia kabla yake, hawakuizungumza. Waliofuata walikhitalifiana, na mwanachuoni Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus aliihalalisha. Wao walihukumu kwa waliyoyaona zama zao. Leo imethibiti kwa matabibu kuwa tumbaku isiyo na moshi nayo husababisha saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Nikotini hupenya kwenye ufizi ikaingia damuni, na magadi yanayochanganywa humo huizidishia kasi. Ndiyo maana hukai bila. Allah asema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195). Mimi naona ni haramu, na asemaye ni makuruhu, yaani yachukiza bila kufika haramu, simshutumu.

Uache, wala usihamie sigara. Na pale unapotia, ukiona waa jeupe au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda hospitali ukaangaliwe kinywa, hata kama hakiumi.