Hakuna "dawa mpya" ya wazazi wanaotokwa damu: jibu kwa mleta uzi kuhusu utafiti wa Birmingham

Kaka, hongera kwa ujauzito wa mkeo. Umeuliza kama "dawa mpya iliyogunduliwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, inayopunguza vifo vya wazazi kwa asilimia 60" inapatikana Tanzania, na kama unaweza kuinunua mapema uende nayo hospitali siku ya kujifungua, kwa kuwa dada yako alitokwa damu nyingi sana alipojifungua na bado mna hofu. Mchangiaji mmoja akakujibu kwamba hizo ni biashara za Wazungu, usipoteze hela. Mimi ni muuguzi mkunga, nimekaa leba ya hospitali ya wilaya kwa miaka mingi, na jambo hili ndilo linalonitisha kuliko mengine yote kazini. Naomba nikujibu kwa urefu.

Ujumbe uliotumiwa umechanganya mambo. Birmingham hawakugundua dawa. Utafiti wenyewe unaitwa E-MOTIVE, na matokeo yake yalitoka Mei 2023 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Profesa Arri Coomarasamy wa Birmingham aliuongoza kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na ndani yake wamo mabingwa wetu wenyewe: Dkt. Fadhlun Alwy Al-beity wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Hadiza Galadanci wa Kano. Kwa hiyo ndugu anayesema ni biashara ya Wazungu namwomba atazame hayo majina, kisha akumbuke kwamba wakunga walioinama vitandani usiku kusoma vipimo walikuwa wa hospitali zetu.

Sindano na dripu zilizotumika zilikuwamo kwenye miongozo tangu zamani. Kilichobadilika ni mambo mawili: damu ilipimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yalitolewa yote kwa mpigo badala ya moja baada ya jingine.

Kuhusu kukisia, nieleze jinsi ilivyo, maana asiyewahi kuingia leba hawezi kujua. Mtoto katoka, kondo la nyuma limetoka, mama kachoka. Damu nyingine imelowa kwenye khanga, nyingine iko kwenye makintoshi (shuka la mpira la kitandani), nyingine kwenye beseni imechanganyika na maji ya chupa, nyingine inadondokea sakafuni upande ambao hauuoni. Mkunga ana wazazi wengine wawili wanaosukuma. Anatupia jicho, anaandika kwenye faili "mililita 250". Namba hiyo nimeiona kwenye mafaili mengi mno, ya mama ambaye kila kitu kilikwenda vizuri na ya mama ambaye baada ya muda mfupi alikuwa anakimbizwa chumba cha upasuaji. Mama mwenye afya hujikaza. Presha yake inaweza kubaki nzuri huku damu inakwenda, halafu ikashuka ghafla. Ukisubiri presha ndiyo ikuambie, umechelewa.

Tunasema mama ametokwa damu nyingi inapofika mililita 500. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida wakati wa utafiti ule, waliofikia kiwango hicho na wakatambuliwa walikuwa asilimia 51 tu. Nusu nyingine hakuna aliyewaona kwa wakati. Kwenye hospitali zilizopimia, waliotambuliwa walifika asilimia 93. Mimi namba hizi mbili ndizo zilizonigusa, kuliko ile 60 inayosambazwa kwenye simu.

Kifaa chenyewe ni shuka la plastiki lenye mfuko kwa chini, linawekwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto akishatoka, ili maji ya chupa yasihesabiwe kuwa damu. Mfuko una mistari. Unainama, unasoma, unaandika. Katika saa ya kwanza unarudi kila dakika 15: damu imefika wapi, tumbo limekaza au limelegea, mapigo, presha. Ikifika mstari wa 500 unaanza matibabu bila mjadala. Ikiwa imefika 300 na dalili nyingine haziko sawa, unaanza vilevile.

Tulipoanza kuyatumia mashuka haya kwetu, nilikuwa zamu ya usiku na mwanafunzi wa uuguzi. Mama alikuwa na mtoto wa tatu, anaongea, anauliza uzito wa mtoto. Kwa macho yangu damu ilikuwa ya kawaida kabisa. Yule mwanafunzi akainama na tochi ya simu akasema, "Dada, imepita mia tatu." Nikashika mapigo, yanakimbia. Nikaweka kiganja chini ya kitovu: mfuko wa uzazi umelegea, laini, hauna umbo. Tukaita wenzetu. Mimi nakanda tumbo, mwingine anaweka oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi), mwingine anachoma kwenye mshipa gramu moja ya asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke), dripu inakwenda, kibofu kinatolewa mkojo kwa mpira maana kibofu kilichojaa hakiachi mfuko wa uzazi ujikaze, na mmoja anaangalia kwa taa kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki. Baada ya muda nikausikia mfuko unakaza chini ya mkono wangu, mgumu, na damu ikapungua. Mama hakuongezewa damu. Asubuhi alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha.

Zamani tungemfanyiaje mama yule? Oksitosini, tusubiri tuone. Haijasaidia, ongeza nyingine, tusubiri. Tumtafute daktari. Traneksamiki tungeikumbuka mwishoni, kama ipo. Hatua zote hizo zilikuwa sahihi, ila kila kusubiri kulikula damu. Ndiyo maana wenzetu wa E-MOTIVE walizifunga pamoja: kukanda, oksitosini, traneksamiki, dripu, kumchunguza mama, na kuita msaada au kutoa rufaa kama damu haijasimama. Katika hospitali zilizopewa mafunzo na vifaa, kifurushi hicho kilitumika kwa asilimia 91 ya wagonjwa. Kwingine asilimia 19.

Sasa ile 60. Kilichopungua kwa asilimia 60 ni jumla ya mambo matatu yaliyohesabiwa pamoja: damu kufika lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu. Kati ya kila wanawake 1,000, yaliwapata 16 kwenye hospitali zilizopimia, na 43 kwenye zile nyingine. Vifo peke yake vilikuwa vichache katika pande zote mbili, na utafiti haukuweza kuthibitisha tofauti ya vifo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unasema "vifo". Hata hivyo, kwa mtu wa leba, kupunguza wanaofika lita moja ni jambo kubwa sana. Wanaofika huko ndio tunaowatafutia damu saa nane usiku benki ikiwa tupu, ndio wanaoondolewa kizazi wakiwa na miaka 22.

Na uliyemsikia anasema "nunua traneksamiki duka la dawa uende nayo, apewe kabla ya damu kuanza", usimfuate. Swali hilo limeshajibiwa na chuo kingine, London School of Hygiene and Tropical Medicine. Mwaka 2017 walitoa utafiti wa wanawake 20,000 katika nchi 21 ambao walikuwa tayari wanatokwa damu: waliopewa traneksamiki ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa karibu asilimia 10. Halafu 2023 wakatoa mwingine, safari hii kwa wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu, wakiwemo wa Tanzania, waliopewa dawa hiyohiyo mara tu baada ya kujifungua kama kinga kabla damu haijazidi. Haikuzuia chochote. Dawa ile inafaa pale damu inapokuwa imeanza kuzidi, tena mapema, mkononi mwa mtu anayejua anachofanya. Kwenye begi lako haina kazi.

(Dawa hii ina historia inayonigusa kila ninapoivunja chupa yake. Iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na mtu na mkewe, Shosuke na Utako Okamoto. Mama Okamoto alitaka tangu mwanzo ijaribiwe kwa wazazi wanaotokwa damu, hakupata madaktari wa kumkubalia. Alifariki 2016, mwaka mmoja kabla ya matokeo yale ya nchi 21 kutoka.)

Kuna mipaka ya kujua. Waliojifungua kwa upasuaji hawakuwamo kwenye E-MOTIVE, kwa hiyo kama mkeo amepangiwa upasuaji, usiyachukue matokeo haya kuwa ni ya kwake. Hospitali zilizohusika ni za ngazi ya kati, zenye uwezo wa upasuaji, si zahanati. Na walipewa mafunzo, walipewa vifaa, kila mwezi walikaa kutazama takwimu zao. Shuka la plastiki halitamsaidia mama kama oksitosini imekaa nje ya friji, maana inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, au kama traneksamiki imeisha stoo tangu mwezi uliopita. Nimeshafanya kazi mahali ambapo mashuka yaliisha mradi ulipoondoka tukarudi kukisia kwa macho, na hilo linaniuma hadi leo. Kwa maoni yangu kifaa cha kupimia damu kinatakiwa kihesabiwe sawa na glovu: kikikosekana, bohari ipigiwe simu siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani limeshapendekeza utaratibu huu tangu 2023, kwa hiyo si suala la kusubiri ushahidi tena.

Turudi kwa mkeo. Cha kwanza ni wingi wa damu yake sasa hivi. Mama mwenye damu ndogo hawezi kuhimili kupoteza kiasi ambacho mwenzake atakihimili, kwa hiyo fefo, zile tembe za kuongeza damu wanazotoa kliniki, azimeze kweli, zisikae kabatini kwa sababu zinamletea kichefuchefu. Akizimeza usiku baada ya kula wengi huvumilia. Mwambie mkunga wa kliniki kama yeye mwenyewe aliwahi kutokwa damu uzazi uliopita, kama ana mapacha, kama aliwahi kupasuliwa. Hivyo ndivyo vitakavyoamua ajifungulie hospitali yenye benki ya damu na si kituo cha karibu. Wewe na ndugu zako wawili watatu mjue makundi yenu ya damu kabla ya siku yenyewe, na gari la usiku liwe limeshapatikana. Dawa za miti shamba za "kuongeza uchungu" zisimkaribie, hata zikiletwa na mama mkwe kwa nia njema.

Akishajifungua, asikurupuke kwenda nyumbani. Saa 24 za kwanza awe karibu na wahudumu. Ahimizwe kukojoa, mtoto awekwe kwenye ziwa mapema. Ukiona pedi inalowa chapa mara baada ya kubadilishwa, au anasema kizunguzungu, kiu kali, anatoka jasho la baridi, usione aibu kuita kwa sauti. Hakuna mkunga mwenye akili timamu atakayekasirika. Hata wiki ya pili nyumbani, damu ikirudi kwa nguvu, mrudisheni.

Na kliniki ijayo muulize muuguzi maswali haya kwa upole: hapa mnapima damu ya mama baada ya kujifungua, na mnaipima kwa kifaa gani? Oksitosini na traneksamiki zipo? Ikitokea dharura, rufaa inakwenda wapi na gari lipo? Maswali haya hayamdhalilishi mtu. Mimi mzazi au mume akiniuliza hivyo nafurahi, kwa sababu nami napata neno la kumpelekea mganga mfawidhi.

Wakunga wenzangu mliomo humu, hasa wa vituo vya afya ambako mashuka hayajafika, andikeni mnapimaje. Kuna wenzetu nimewasikia wanatumia bedpani na kupima pedi kwenye mizani. Mleta uzi na wengine kama yeye wanahitaji kujua hali ilivyo mahali wanapokwenda kujifungulia.