"Mimi" wangu anakaa wapi kichwani?

SWALI: Dokta shikamoo. Nimesikia mtu akiumia shina la ubongo, kile kipande cha chini kinachoungana na uti wa mgongo, hata sehemu ndogo tu, anaweza kwenda koma, wakati mtu mwingine anakatwa kipande kikubwa cha ubongo wa juu na anaendelea kupiga stori kama kawaida. Mi nilidhani akili na "mimi" vyote viko huko juu, sasa inakuwaje?

JIBU: Marahaba. Huko juu ndiko kwenye kumbukumbu, lugha, jina lako na mambo yako yote, hapo uko sawa, ila vyote hivyo vinahitaji kuamshwa na anayeamsha ni hilo shina. Ndani yake kuna wavu wa neva na mwaka 1949 watafiti wawili, Moruzzi na Magoun, waliuchokoza kwa umeme kwenye paka, mawimbi ya ubongo yakabadilika palepale yakawa kama ya mnyama aliye macho.

Kinachonishangaza mpaka leo ni sehemu ya katikati ya shina, inaitwa ponsi. Kiharusi kikipiga upande wake wa mbele, njia za kupeleka amri kwenye misuli zinakatika, basi mtu analala pale hasogezi mkono, haongei, watu wanadhani kaenda, kumbe anasikia kila kitu na anajua yeye ni nani, kilichobaki ni kupepesa kope na kupandisha macho juu na chini. Kikipiga upande wa nyuma, kwenye ule wavu, hiyo sasa ni koma. Na ponsi yote ina unene wa vidole viwili tu jamani!

Kuhusu huyo "mimi", mtafiti wa ubongo Antonio Damasio anasema mzizi wake unaanzia kwenye shina kwa sababu taarifa za moyo, pumzi na presha zinafikia hapo kwanza. Mi namkubalia nusu. Kuna watoto wanaozaliwa karibu bila ubongo wa juu kabisa na bado wanalala, wanaamka, wengine wanatabasamu wakiguswa, kwa hiyo kuna kitu pale, ila kukiita "mimi" kama wako wewe unayeniuliza swali hili, hapana, hapo naona tunaenda mbio sana.

Halafu ukienda kumwona mgonjwa asiyejibu, kabla hujaanza kumsema mbele yake, mwambie kwanza aangalie juu.