Unga mweupe wa titani utasafisha maji ya batiki?

SWALI: Habari mhariri, mimi natengeneza batiki huku Tandika mwaka wa sita sasa. Shida yangu ni maji, mtaro ukiamka wa bluu mtaa mzima wanajua ni mimi na majirani wamenichoka. Kijana wangu anasoma kemia chuo, kaniambia kuna unga wa nano wa titani, unamwaga kwenye maji ya rangi unaweka juani yanakuwa meupe. Nimekuta titani duka la malighafi za rangi za nyumba inauzwa kwa kilo. Ninunue?
Mama Batiki

JIBU: Nzuri mama, pole na majirani. Usinunue kwanza.

Kijana hajakudanganya. Chembe za oksaidi ya titani ni ndogo mno, kuna aina ambayo gramu moja tu ukihesabu uso wa chembe zake zote unapata kama mita za mraba 50, yaani chumba na sebule. Zikipigwa na miale ya jua ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, zinazalisha vitu vikali kutoka kwenye maji na oksijeni ambavyo vinaikatakata rangi. Ila ile ya dukani siyo hiyo, chembe zake ni kubwa zaidi na nyingi zimevalishwa koti la silika au alumina makusudi kabisa ili zisile rangi ya ukuta wa mtu, sasa wewe unataka ile rangi iliwe na wenzako wamehangaika isiliwe!

Halafu hata ukipata yenyewe, maabara mara nyingi wanajaribu na maji yenye miligramu 10 hivi za rangi kwa lita, unaona hadi chini ya glasi. Beseni lako ni vijiko vya rangi, kostiki inayounguza ngozi na haidrosalfaiti, zile dawa za kuyeyushia rangi, jua haliingii hata kidole kimoja. Na miale yenyewe inayotakiwa ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua. Ukimaliza hapo unabaki na unga umeelea kwenye maji, hautui, utauchujaje? Ndio maana wengine wanatumia oksaidi ya chuma, ile magnetaiti, rangi inanata kwenye chembe halafu unaweka sumaku nje ya chupa, chembe zote zinakimbilia upande ule maji yanabaki peke yake. Inapendeza kuangalia kwa kweli, ila rangi haijavunjika hapo, imehama tu.

Sasa wewe fanya hivi. Si unajua ukitoa kitambaa kwenye beseni kinatoka na rangi siyo yake halafu hewa ikikipiga kinageuka unakiona? Rangi za namna hiyo zikipata hewa haziyeyuki tena. Basi maji yaliyobaki usimwage, yaweke kwenye ndoo pana, koroga koroga siku mbili tatu, yaache yatulie, utakuta tope la rangi chini na juu maji mepesi. Tope lianike, lisirudi mtaroni. Mepesi bado yana kostiki kwahiyo glavu usivue, na usije ukatia ndimu au siki beseni likiwa bado na haidrosalfaiti, inatoa hewa ya salfa inakaba kifua. Nta iache igande uiokote, hiyo si unayeyusha tena.

Kijana akileta unga wa chuo mwambie achukue hayo mepesi glasi tatu: moja na unga juani, moja na unga kabatini, moja juani bila unga. Ya kabatini ikififia ujue rangi imenata tu kwenye unga, na isiyo na unga ikififia basi ni jua lenyewe, kama linavyopausha kanga kwenye kamba.