Maswali Yenu: Je, Ruzuku za Serikali Zipunguzwe?

Serikali inakopa kila mwaka. Kwa nini isifute ruzuku zote ikabaki na mishahara, madeni na miradi? (Msomaji, Morogoro)

Ugumu unaanzia kwenye neno lenyewe. Nchini Tanzania tunaita ruzuku fedha za kuendeshea shule, punguzo la bei ya mbolea, nafuu ya bei ya mafuta na hata malipo kwa vyama vya siasa, ingawa kila moja ina mlengwa wake na hasara yake. Anayetaka kupunguza hana budi kutaja ni ipi anayokusudia, kwa maana mkato wa jumla huwaumiza kwanza wale wasio na msemaji.

Tuliambiwa elimu ni bila malipo, lakini bado tunaombwa michango shuleni. Fedha za ruzuku zinakwenda wapi? (Mzazi, Singida)

Kwa sehemu kubwa, mama, fedha hizo ni chache tangu zinapotoka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ulikadiria dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kwa thamani ya wakati ule dola hizo zilikaribia shilingi 10,000. Ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, ambapo 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya kununulia vitabu na 6,000 ndizo huenda shuleni. Chukua shule yenye wanafunzi 400: inapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, na humo mwalimu mkuu anatakiwa kutoa chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo na ukarabati mdogo. Lipa mlinzi kwa kiasi hicho uone kitakachobaki.

Kwa hiyo ruzuku hii imekwisha kupunguzwa, tena bila mjadala wowote bungeni. Bei za vitu zimefanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka huku tarakimu ikisimama palepale, na pengo limehamia mfukoni mwa mzazi kwa jina la mchango wa hiari. Nionavyo mimi, kiwango hiki kinapaswa kuongezwa.

Mbolea ya ruzuku inawanufaisha wenye mashamba makubwa. Si afadhali iondolewe? (Mkulima, Mbozi)

Hoja yako ina uzito. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09 ulimlenga mkulima wa mahindi au mpunga asiyezidi hekta moja, lakini vocha ziligawiwa kwa mikono ya kamati na mawakala, na udanganyifu ukaota mizizi. Mpango wa mwaka 2022, uliotengewa shilingi bilioni 150 wakati mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipokuwa umepita shilingi 120,000, ulishusha bei hadi 70,000 kwa kila mkulima aliyeandikishwa. Uandikishaji huo umesaidia kuwatambua wanunuzi, lakini kiasi cha mbolea hufuata ukubwa wa shamba, hivyo mwenye ekari 200 huchota Hazina mara mia ya mwenye ekari mbili. Dawa yake ni kuweka ukomo wa ekari, kwa kuwa daftari tayari lipo. Kuiondoa kabisa kungemwangusha mkulima mdogo anayenunua mfuko mmoja kwa msimu.

Vipi kuhusu mafuta? (Dereva wa bodaboda, Dar es Salaam)

Kuanzia Juni 2022 Serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kushusha bei ya mafuta. Nauli zingepanda zaidi bila nafuu hiyo, nakubali. Hata hivyo, mwenye gari la lita 80 alipata nafuu kubwa kuliko wewe, na bilioni 100 hizo zingewalipia shilingi 6,000 za mwaka mzima wanafunzi zaidi ya milioni 16, idadi inayozidi wanafunzi wote wa shule za msingi nchini. Ruzuku ya namna hii iwe ya dharura, na tarehe yake ya mwisho itangazwe siku inapoanza.

Na ruzuku ya vyama vya siasa? (Msomaji, Tanga)

Hugawanywa kwa kuangalia wabunge na kura, kwa hiyo chama kikubwa ndicho hupata fungu nono. Kama ni lazima kukata, ningeanzia hapo.