Maswali ya Wasomaji: Mgombea mwenza huteuliwa kwa ajili ya nani?

Mhariri, pokea salamu zangu. Mwaka 2022 nilimpigia kura William Ruto, wala sijutii. Lakini tangu Bunge lilipomwondoa naibu wake, Rigathi Gachagua, mnamo Oktoba 2024, jamaa zangu hawaachi kuniuliza kwa nini sikushtuka mapema, ilhali Kithure Kindiki aliyeletwa baadaye alikuwapo tangu mwanzo. Je, mgombea wetu alikosea kuchagua, au sisi wapiga kura ndio tuliokosa kuuliza? Msomaji, Nakuru.

Salamu zimefika, ndugu yetu. Nitaanza na sehemu ya pili ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu wewe na mimi. Gachagua alitangazwa Jumapili tarehe 15 Mei 2022, nyumbani kwa Ruto mtaani Karen, Nairobi, siku moja tu kabla ya makataa ya tume ya uchaguzi, IEBC, baada ya wabunge wa Mlima Kenya kuvutana kwa saa nyingi kati ya jina lake na la Kindiki. Nililitazama tangazo hilo nikiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, na ubishi uliozuka mle ndani ulikuwa juu ya jambo moja tu, yaani nani kati yao angezoa kura nyingi zaidi za mlimani. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza, kama mtu huyo angeweza kuapishwa kuwa rais kesho yake asubuhi.

Na hilo ndilo swali ambalo Katiba ya 2010 inaliuliza. Kifungu cha 148 kinataka mgombea mwenza awe mtu anayestahili yeye mwenyewe kuteuliwa kuwania urais, na kifungu cha 146 kinampa naibu rais kiti chote, kwa muda wote uliosalia, endapo rais atafariki, atajiuzulu au ataondolewa. Nasi tulimpima kama mpiga debe, kwa sauti yake, kwa kijiji chake na kwa ujasiri wake wa kupambana na Ikulu ya wakati ule. Hata kesi ya ufisadi aliyokuwa ameshtakiwa mwaka 2021, ambayo aliikana na ambayo mashtaka yake yaliondolewa Novemba 2022 baada ya uchaguzi, ilijadiliwa zaidi kama silaha ya kampeni kuliko kama jambo la kuhojiwa kwa utulivu.

Si kwamba nafasi ya kuhoji haikuwapo kabisa. Tarehe 19 Julai 2022 Gachagua na Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila Odinga, walisimama jukwaa moja katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki wakaulizana maswali usoni. Wiki moja baadaye, katika mdahalo wa wagombea urais wenyewe, Raila hakufika, na Ruto akajibu maswali peke yake. Kwa hiyo mdahalo wa manaibu ndio uliobaki kuwa usiku pekee ambapo pande mbili kuu zilikabiliana ana kwa ana. Wengi wetu tulitoka pale tukisimulia nani alimchoma nani kwa maneno, kana kwamba tulikuwa tumetoka kutazama mechi.

Sasa, je, Ruto alikosea? Kwa hesabu za siku ya kura, sioni jinsi ya kumlaumu. Alipata kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila, pengo la kura 233,211, na bila Mlima Kenya asingeshinda. Ila sikubaliani na wanaosema kwamba ni mgombea mwenza aliyezileta kura hizo. Karua naye ni wa mlimani, amewahi kuwa mbunge wa Gichugu na waziri wa sheria, na bado Kirinyaga, kaunti yake ya nyumbani, ilimpa Ruto ushindi mkubwa. Wapiga kura wa eneo hilo walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya jina lolote kutajwa. Ikiwa ndivyo, basi mgombea alikuwa na uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka mitano kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, na hapo ndipo ninapoliona kosa, kama lipo. Naibu aliyeletwa kwa hoja ya kura za nyumbani atakuja kudai malipo ya kura hizo. Gachagua aliifananisha serikali hadharani na kampuni yenye wenyehisa, akimaanisha kwamba waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza, na kauli hiyo ikaingizwa katika mashtaka yaliyomwondoa.

Mbona rais asipewe tu uwezo wa kumfuta naibu wasipoelewana, badala ya nchi kuingizwa katika vurugu za Bunge na mahakama? Msomaji, Mombasa.

Uwezo huo ulikuwapo, na waliokuwa watu wazima enzi za Moi wanaukumbuka. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi alikaa zaidi ya mwaka mzima bila makamu wa rais. Aprili 1999 alimrudisha George Saitoti kwa tangazo la kando ya barabara huko Limuru, huku akiwauliza waliokusanyika kama jambo hilo lingeongeza sufuria zao za ugali, kisha mwaka 2002 akamfuta kazi. Katiba mpya ilikusudia kuumaliza mtindo huo, ndiyo maana naibu huchaguliwa pamoja na rais na kuondolewa kwa theluthi mbili ya wabunge na ya maseneta. Vurugu unazozitaja zina gharama, nakiri, lakini zinatoka katika kinga ambayo watangulizi wa Gachagua hawakuwa nayo.

Jambo linalonisumbua mimi zaidi ni lingine. Seneti ilipitisha uamuzi wake usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024, na kesho yake Bunge la Kitaifa likamwidhinisha Kindiki, ingawa kifungu cha 149 kinampa rais siku 14 za kupendekeza jina na Bunge siku 60 za kulipigia kura. Mara hii pia, muda wa kumhoji anayependekezwa ulikuwapo kwenye karatasi tu.

Je, kwetu Tanzania mambo ni yale yale? Msomaji, Tanga.

Sharti moja kwenu ni zito zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano kinataka rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili, kwa hiyo nusu ya uchaguzi huwa imekwisha kufanywa na ramani. Samia Suluhu Hassan aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa John Magufuli mwaka 2015, na katika kampeni za mwaka ule alizungumziwa sana kama mwanamke na kama Mzanzibari. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia akaapishwa kuwa rais.