Spika zangu ni za wati 120, ninunue amplifaya ya wati ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Nimenunua spika mbili ndefu za mtumba, zile za kusimama sakafuni. Nyuma zimeandikwa 8 Ω, 88 dB, 30–120 W. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5. Kwa sasa nazipigia na amplifaya ndogo iliyoandikwa mbele PMPO 3000 W. Nikipandisha sauti muziki unapasuka, na twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya spika ya kulia imeshaungua mara mbili. Nimeona amplifaya mbili za mtumba: moja ya Kijapani, wati 80 kila upande, na nyingine wati 40 kila upande. Muuzaji wa hiyo ya 40 anasema ile kubwa itaziunguza spika. Nichukue ipi? Na je, baadaye naweza kuongeza spika mbili nyingine?

JIBU: Marahaba. Chukua ya wati 80, ila usiilipie kabla hujaikagua kama nitakavyoeleza. Muuzaji amekupotosha. Wati nyingi peke yake haziunguzi spika. Inayokusumbua wewe ni amplifaya ndogo inayolazimishwa, na huenda kuna hitilafu nyingine ndani ya sanduku la kulia ambayo nitaifikia.

Hiyo namba 3000 isahau kabisa. PMPO, yaani wati za kilele za kutangazia biashara, haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda huandika kinavyotaka. Marekani walichoka na mchezo huu mapema: mwaka 1974 Tume yao ya Biashara, FTC, iliweka kanuni ya namna mtengenezaji anavyotakiwa kupima wati za amplifaya ya nyumbani kabla ya kuzitangaza. Kwetu ukweli unausoma mwenyewe. Geuza amplifaya uangalie kibandiko cha nyuma, pale penye volti na Hz. Ukikuta 230 V, 50 Hz, 50 W, maana yake mashine nzima inakula wati 50 za umeme, na usitegemee itoe mfululizo zaidi ya inachokula. Amplifaya ya kawaida ya transista hupoteza karibu nusu kwa joto, kwa hiyo zinabaki kama 25, gawanya pande mbili: 12 kila upande. Zile ndogo za kisasa za daraja D, ambazo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi, hupoteza kidogo sana, lakini nazo usizitegemee kuzidi kibandiko kwa muda mrefu.

Sasa tuangalie spika zako. Hiyo 88 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) ndiyo namba muhimu kuliko 120, na wanunuzi wengi hawaitazami. Inasema kwamba ukiipa spika wati 1 tu, mtu aliyekaa mita 1 mbele yake atapata desibeli 88. Wewe unakaa kama mita 3, sauti inapungua njiani, lakini spika ni mbili na kuta zinarudisha sehemu yake. Kwa sebule kama yako nakadiria desibeli 84 hapo kwenye kochi, kwa wati 1 kila upande. Hiyo tayari ni sauti ambayo watu wawili hawaongei bila kupaza.

Basi wati 80 ni za nini? Ni za vilele. Muziki haukai sawa: ngoma ikipigwa, besi ikishuka, sauti huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde, desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani. Na kila desibeli 3 za nyongeza zinataka wati mara mbili. Desibeli 10 zinataka mara kumi. Ukisikiliza kwa wastani wa desibeli 80, spika inatumia chini ya nusu wati, ila kilele cha desibeli 100 kinaomba wati 40 papo hapo. Amplifaya ya wati 40 hapo imefika mwisho. Ya 80 bado ina desibeli 3 mkononi. Ya kwako, kama ni ya 12 kama ule mfano, ilishaishiwa zamani.

Ikiishiwa, inakata vilele vya wimbi, vinakuwa bapa. Huko ndiko kupasuka unakokusikia. Besi, ambayo ndiyo inayokula wati nyingi, haiwezi kupanda tena, lakini wewe unazidi kuzungusha na sauti nyembamba zinaendelea kupanda. Juu yake, wimbi lililokatwa huzaa mawimbi mapya ya sauti za juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo. Yote hayo yanaelekea kwenye twita, ambayo hata ndani ya spika ya wati 120 yenyewe huvumilia wati chache tu, maana koili yake ni ya waya mwembamba mno. Ndiyo sababu mtu anaunguza twita kwa amplifaya ndogo huku akishangaa kwamba wufa, ile spika kubwa ya besi, ni nzima.

Wati 80 nazo zikilazimishwa zitaunguza. Kanuni yangu ni sikio: sauti ikianza kuwa ngumu na kuchoma, rudisha. Na usijaze kitufe cha besi. Kupandisha besi desibeli 10 ni kuomba wati mara kumi kwa besi hiyo, na amplifaya itaishiwa hata kama kitufe cha sauti kiko katikati.

Ya wati 40 si mbaya. Kama ingekuwa nzima na ile ya Kijapani ni mbovu, ningekwambia chukua hiyo ya 40, tofauti yake ni desibeli 3 tu. Kwa hiyo ukaguzi una uzito kuliko hizo namba mbili.

Kwanza, volti. Umeme wa Japani ni volti 100. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la kwao ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu, fyuzi ikichelewa kukatika transfoma inaungua na kapasita zinapasuka. Soma kibandiko. Baadhi za kuuzwa nje zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Kama yako ni ya 100 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Nunua yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizo kwenye kibandiko, na bei yake uiingize kwenye hesabu kabla hujakubaliana na muuzaji.

Pili, nenda na multimita. Washa amplifaya bila kuunga spika wala muziki, subiri sekunde chache usikie rilei, swichi ya ndani inayounga spika, ikilia "tik". Kama inayo na isipolia, huenda saketi ya ulinzi imekataa, achana nayo. Ikilia, weka multimita kwenye volti za DC, gusa sehemu za kuungia spika, upande mmoja kisha mwingine. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zikipita 100 kuna tatizo, na ukikuta volti nzima kadhaa, hiyo itachoma koili ya wufa bila hata wimbo mmoja kupigwa. Kisha unga spika, ipige nusu saa, ushike vyuma vya kupooza joto: pande zote mbili ziwe na joto linalokaribiana. Kitufe cha sauti kikikwaruza usiogope, husafishwa.

Omba pia kifuniko kifunguliwe. Nataka uone transista za mwisho, zile kubwa zilizofungwa kwenye vyuma. Kama upande mmoja zina maandishi tofauti na upande wa pili, zilishabadilishwa. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, na zile moduli za STK, ambazo ni saketi ya amplifaya kwenye kipande kimoja, zina bandia nyingi sana madukani. Bandia hucheza vizuri kwa sauti ndogo, kisha hufa siku ya sherehe.

Kuhusu spika nne: mbili za omu 8 (ile alama Ω) zikiungwa sambamba upande mmoja, amplifaya inaona omu 4. Nyuma yake pameandikwa inakubali kiasi gani, na mara nyingi kwa A+B, yaani jozi mbili za spika kwa pamoja, hutaka kila spika iwe 8 au zaidi. Kwa hiyo ukiongeza, ongeza za 8. Za omu 6 kutoka kwenye redio ya zamani zitashusha mzigo hadi kama 3.4, na za 4 hadi 2.7; hapo transista zinachemka. Waya, tumia wa shaba halisi wa milimita 2.5 za mraba, hata ule wa nyumba unafaa.

Sasa hiyo twita ya kulia. Kulazimisha amplifaya kungeweza kuunguza yoyote, lakini upande uleule mara mbili unanitia shaka. Fungua masanduku yote mawili, ulinganishe kapasita iliyo njiani kwenda kwenye twita. Kazi yake ni kuzuia besi isifike huko. Ikiwa ya kushoto ni mikrofaradi 4.7 na kulia fundi aliweka 10, twita ya omu 8 inaanza kupokea sauti kuanzia karibu Hz 2000 badala ya 4200, na haikutengenezwa kwa mzigo huo. Iliyopiga shoti ni mbaya zaidi, inapitisha kila kitu. Weka yenye namba sawa na ya kushoto, isiyo na upande wa chanya na hasi, na twita ya omu zilezile. Fanya hivyo kabla ya kuunga amplifaya mpya, la sivyo utaichoma ya tatu.