Siku 183 Hazitoshi: Kodi na Kampuni kwa Sisi wa Kazi za Mkataba Ughaibuni

Kambini Ras Laffan, mji wa viwanda vya gesi Qatar, jioni baada ya zamu, mazungumzo ya kodi yalimalizwa kwa sentensi moja: "Ukikaa nje zaidi ya siku 183, nyumbani hawakudai." Niliisikia kwa Wakenya, nikaisikia kwa Watanzania wenzangu, na mimi nikawapa wageni waliokuja nyuma yangu. Nilikuwa fundi wa vipimo na mitambo ya kudhibiti gesi, miaka saba ya mikataba inayoisha na kufunguliwa upya. Naandika haya kwa sababu sentensi ile ni nusu tu ya sheria, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonigharimu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 haitazami siku peke yake. Inakuhesabu mkaazi wa mwaka husika iwapo una makazi ya kudumu nchini na ulikuwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Sehemu yoyote, hata wiki moja ya msiba. Siku 183 ni mlango wa pili, na unamnasa hata asiye na nyumba. Upo na wa tatu, wa mtu anayekuja mwaka huu na aliyekuja pia miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Ndugu zetu wa Kenya wana vigezo karibu hivyo hivyo, kwa hiyo msisome haya mkidhani ni ya Tanzania tu.

Nitazameni mimi sasa. Mke na watoto watatu wako Tanga, nyumba niliimaliza kuipaua 2015, na likizo ni wiki nne kila mwaka. Nilipotua tu na mabegi, nikawa mkaazi kwa mwaka ule mzima. Na mkaazi anatozwa kodi kwa mapato yake popote yalipotoka duniani. Asiye mkaazi ndiye anayetozwa kwa yale yenye chanzo Tanzania peke yake.

Tupige hesabu, maana ndipo watu wanapostuka. Chukua mshahara unaolingana na shilingi 8,000,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya sasa milioni ya kwanza inabeba kodi ya 128,000, na kila kinachozidi hapo kinatozwa asilimia 30. Milioni saba zilizobaki zinatoa 2,100,000. Jumla ni 2,228,000 kwa mwezi, karibu milioni 27 kwa mwaka. Qatar haikati kodi kwenye mshahara, kwa hiyo hakuna kodi ya kule unayoweza kuitumia kupunguza ya huku. Hapo ndipo Ghuba inapowadanganya wengi wetu: tunaona slipu haina makato, tunaamini hesabu imefungwa.

Anayefanya kazi kwenye nchi inayokata kodi ana nafuu, ila lazima aidai mwenyewe. Rafiki yangu mmoja alikuwa kwenye migodi ya shaba Zambia. Kodi ilikatwa kule kila mwezi, na sheria yetu inaruhusu kodi iliyolipwa nje kwa mapato yale yale ipunguzwe kwenye ya hapa, bila kuvuka kiwango ambacho mapato hayo yangetozwa Tanzania. Alipofika kuidai, wakamwomba ushahidi kwamba kodi ililipwa. Alikuwa nazo slipu za miezi minne tu. Mwajiri alikuwa ameshamaliza mradi na kuondoka, na barua pepe alizoandika hazikujibiwa. Pesa ilikatwa kweli, lakini ikawa kama haikukatwa.

Tanzania pia ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na nchi kadhaa, zikiwemo Zambia, Afrika Kusini, India, Kanada na Italia. Faida yake kubwa kwa mtu wa mkataba ni pale nchi mbili zote zinapokuita mkaazi wao. Kwa kawaida wanatazama kwanza makazi yako ya kudumu yako wapi, kisha maisha yako yameegemea wapi zaidi, yaani familia, mali na shughuli, kisha unapoishi kwa mazoea, ndipo uraia. Angalia mpangilio huo. Nyumba na familia vinakuja kabla ya kalenda.

Sasa suala la kampuni, ambalo naulizwa kuliko yote. Wakala wa ajira anakwambia hawezi kukuajiri, fungua kampuni, atailipa kampuni. Wengine wanalipokea kama njia ya kukwepa kodi. Fanya hesabu kwanza. Kampuni ya Tanzania inalipa asilimia 30 ya faida. Ukitaka kuitoa faida hiyo iwe yako mfukoni, gawio linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwenye kila 100 unabaki na 63. Ukijilipa mshahara badala ya gawio, unaingia kwenye PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na wewe mwenyewe ndiye mwajiri wa kuikata na kuiwasilisha. Mtu binafsi anayefanya kazi zile zile kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi (TIN) kiwango chake cha juu ni 30, na gharama halali za kazi anazitoa kabla ya kodi. Sisemi kampuni haina maana. Ukiwa na vijana wawili watatu chini yako, vifaa vya mamilioni, au mteja asiyepokea ankara ya mtu binafsi, ifungue. Usiifungue kwa sababu mtu kambini kasema inapunguza kodi.

Wengine wanakimbilia kampuni ya ukanda huru Dubai, yaani eneo maalumu lenye nafuu za kodi na biashara. Kule tangu Juni 2023 kuna kodi ya kampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, lakini shida kubwa haiko huko. Kwa sheria ya Tanzania, kampuni ni mkaazi iwapo imesajiliwa nchini, au iwapo usimamizi na uongozi wake umefanyika nchini wakati wowote wa mwaka. Ukikaa sebuleni Tanga ukisaini mikataba, ukiidhinisha malipo na kuajiri kwa simu, kampuni ile ya Dubai unaiendesha kutoka Tanga, hata kama cheti chake kina nembo ya falme. Hata huko Ghuba mambo yanabadilika. Oman imeshatangaza kodi ya mapato ya mtu binafsi kwa Amri ya Kifalme namba 56 ya 2025, asilimia 5 kwa kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Kiwango hicho wengi wetu hatukifikii, lakini ile kauli ya "Ghuba hakuna kodi" isiwe msingi wa mipango ya miaka kumi.

Kampuni yangu niliifungua 2018. Mshauri niliyemlipa alinisajilia, akanikabidhi cheti, na nilipomwambia mkataba umebadilika, sitaitumia tena, akaniambia, "Iache tu ilale." Kampuni hailali. Kila mwaka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, wanataka taarifa yake ya mwaka, na TRA, mamlaka ya mapato, wanataka makadirio na ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, hata kama haijaingiza shilingi. Ritani ya kampuni lazima ipitie kwa mhasibu aliyesajiliwa. Nilirudi 2021 nikitaka cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi ili niombe kazi ya zabuni. Dada aliyenihudumia pale TRA aligeuza skrini yake upande wangu bila kusema neno. Mistari ilikuwa mingi, kila mwezi wa kuchelewa na adhabu yake, kisha riba chini. Akaniuliza kwa upole, "Baba, na mapato ya Qatar umeyaonyesha wapi?" Nilikuwa nimeshika bahasha ya nyaraka za nyumba, nikahisi mkono unatoka jasho.

Nilikubaliwa kulipa kwa awamu. Niliuza shamba la minazi la marehemu baba, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu lingeepukika kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, kazi ya kwanza ni kabla ya kusaini. Mwandikie wakala na upate jibu la maandishi: mwajiri wangu kisheria ni nani, kasajiliwa nchi gani, kodi inakatwa wapi, na nitapewa cheti cha makato kila mwisho wa mwaka? Uliza pia kiinua mgongo. Qatar sheria ya kazi inampa mwajiriwa aliyemaliza mwaka mmoja angalau mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka wa kazi, lakini anayelipwa kupitia kampuni yake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Mimi nilipoteza hapo bila kujua nilichokuwa nacho.

Kama kweli unahama, hama. Chukua familia, pangisha nyumba kwa mtu baki kwa mkataba, uwe na kitambulisho na mkataba wa pango kule unakoishi. Kodi ya mapato kwa pesa ya pango la huku utaendelea kuilipa TRA, kwa kuwa chanzo chake ni Tanzania. Na kama huhami, yaani mke na watoto wanabaki, basi jihesabu mkaazi tangu siku ya kwanza na uweke kando sehemu ya kila mshahara kabla hujatuma pesa ya matofali. Wasilisha ritani yako. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, mwisho ni 30 Juni, na kwa Wakenya ni tarehe hiyo hiyo kupitia iTax, mfumo wao wa kodi wa mtandaoni. Tunza nyaraka zako miaka mitano na zaidi: mikataba, slipu, taarifa za benki, na nakala za mihuri ya pasipoti, maana hizo ndizo zinazohesabu siku zako. Mambo yakiwa na utata, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakuruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu aeleze kwa maandishi hali yako inatozwaje. Ukimweleza ukweli wote, jibu lake linamfunga.

Na kampuni usiyoitumia, ifunge rasmi, BRELA na TRA kote kuwili.

Mtoto wa dada yangu anaondoka mwezi ujao kwenda Solwezi, Zambia, kwa mkataba wa miaka miwili. Wakala alimletea karatasi tano za kusaini, tukazisoma wote mezani hadi saa nne usiku. Hakuna hata moja iliyotaja cheti cha makato ya kodi. Amewaandikia, wamejibu kwamba watakiongeza kwenye mkataba, na amewaambia atasaini kitakapokuwemo.